Mnyororo Hauna Mengineyo

Mara ya nne Sauti ilipomwuliza kama mlima umeungua, Gerwina Kapinga alitamani uungue kweli, yaishe.

"Haujaungua," alisema.

"Ahsante, shahidi Gerwina. Je, umekumbwa na mafuriko?"

"Mlima? Mafuriko yatapandaje mlimani? Hapana."

"Ahsante. Je, yametokea maporomoko ya ardhi?"

"Hapana."

"Je, wanyama waharibifu wamepita?"

"Hapana."

"Je, kumetokea wizi wa vifaa?"

"Vifaa vyote vipo. Mia mbili na kumi. Nimevishika kimoja kimoja kwa mikono yangu. Nimeshakwambia jana, nimekwambia juzi."

"Ahsante, shahidi. Kwa kuwa hakuna sababu inayotambulika, ntambo wa Lupilo unabaki katika hali ya Umevunjwa. Rufaa itafungwa keshokutwa saa sita kamili mchana. Je, ungependa kuanza upya?"

Gerwina alikilaza kifaa kifudifudi juu ya meza. Ofisi ya mashahidi pale Mbinga ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ghala la kahawa, kina meza, kiti, na dirisha linalofunguka nusu. Sauti ile ilikuwa ya kike, laini, haichoki wala haikasiriki, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Mtu ukigombana naye, angalau naye anapandisha. Hii ilikuwa inamshukuru.

Mnyororo, daftari la kompyuta lililosema kwa Sauti hiyo, ulikuwa na kazi moja: kuhakikisha kwamba anayesema ameponya ardhi ameiponya kweli. Mashahidi watatu walitakiwa kukubaliana. Wa kwanza ni kigingi, kidude cha ukubwa wa gunzi la muhindi, kinachochomekwa ardhini kupima kina cha udongo, unyevu, na kaboni iliyolala humo. Wa pili ni jicho la angani linalopita mara mbili kwa siku. Wa tatu ni binadamu mwenye macho yake na kidole gumba chake, na kwa milima ya Umatengo binadamu huyo alikuwa Gerwina. Watatu hao wakisema neno moja, habari inafungwa ndani ya kitalu, yaani fungu moja la kumbukumbu, kitalu kinafungwa juu ya kile kilichotangulia, na nakala zake zinasambaa kwenye maelfu ya kompyuta duniani kwa wakati mmoja. Kuanzia hapo hakuna waziri, hakimu wala fundi anayeweza kufuta hata nukta. Maji yakishamwagika hayazoleki.

Na Gerwina aliupenda Mnyororo. Hili lisemwe mapema, kabla hajaonekana mtu wa kinyongo. Zamani, enzi za karatasi, bwana mmoja mwenye kofia nyeupe alipita Umatengo akauza msitu mmoja kwa kampuni nne za ng'ambo, na msitu wenyewe ulikuwa vichaka na visiki. Kila mkataba ulihitaji saini ya shahidi wa kijiji. Shahidi alikuwa Oddo Kapinga, baba yake Gerwina. "Ni utaratibu tu, mzee," aliambiwa, naye akasaini mara nne. Mambo yalipofumuka, yule bwana alikuwa keshayeyuka. Oddo alibaki. Hakufungwa, lakini tangu siku ile hakuna aliyemwita kushuhudia chochote, si posa wala mpaka wa shamba. Akisema mvua inakuja, watu walitoka nje kutazama wenyewe.

Binti yake alikuwa na umri wa miaka tisa wakati huo, na aliyaona yote. Alipokua akaomba kazi ya ushahidi, na sasa alikuwa ameshaweka dole gumba lake kwenye Mnyororo mara elfu moja mia moja na kumi na nne. Kifaa kilimwonyesha hesabu hiyo kila asubuhi, na chini yake maneno mawili: Makosa: hakuna. Tusifichane, alipenda kuyasoma.

Sasa ulivunjikaje mlima ambao haujavunjika?

Lupilo ni ntambo, yaani mgongo mmoja wa mlima kati ya vijito viwili, wenye kaya arobaini na tatu za ukoo wa Ndunguru. Gerwina aliolewa humo miaka kumi na sita iliyopita. Mteremko wake ni mkali kiasi kwamba mgeni akipanda hushika majani asirudi chini kwa makalio. Kwingineko mteremko kama ule ungekuwa umeshabaki mwamba mtupu, lakini Lupilo una udongo mweusi unaofika magotini, na sababu ni ngolo. Kila zamu ya shamba ikifika, mwezi Machi, wanaume hufyeka majani na kuyapanga miraba miraba mlima mzima. Wanawake hufuata na majembe, wakachimba katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani kwa udongo. Mlima unakuwa mashimo yaliyozungukwa na matuta. Mvua ikinyesha, kila shimo linakamata maji yake, na udongo hauendi popote. Maharage hupandwa juu ya tuta. Na baada ya miaka miwili zamu inapofika tena, palipokuwa na tuta huchimbwa shimo, na palipokuwa na shimo hulala tuta, kama mtu anavyogeuza godoro. Hilo Umatengo analijua hata mtoto wa kunyonya.

Waliobuni Mnyororo hawakunyonya Umatengo.

Vigingi vya Lupilo vilichomekwa miaka miwili iliyopita, juu ya matuta. Machi hii zamu ikafika. Wanawake walipofika kwenye kila kigingi, walikichomoa, wakakifuta kwa kanga, na kukichomeka kwenye tuta jipya, hatua moja chini ya pale kilipokuwa. Mia mbili na kumi, bila hata kimoja kukwaruzwa. Jicho la angani likapita, likaona mashimo mahali palipoandikwa kuwa na udongo. Vigingi navyo vikaripoti kwamba vyote kwa pamoja vimeshuka hatua moja ndani ya wiki moja. Mnyororo ukafunga kitalu na kuandika neno moja.

Ntambo uliovunjwa hupelekwa mapumziko. Zinakuja ndege zisizo na rubani kumwaga mbegu za miti, na kwa miaka saba jembe haliruhusiwi kugusa ardhi hiyo. Kaya arobaini na tatu, miaka saba, bila tuta hata moja la maharage.

Siku Gerwina alipopanda kwenda kukagua, alimkuta mama mkwe wake, Osmunda Ndunguru, amesimama shambani na jembe begani. Mama Osmunda alikuwa na miaka sabini na mbili, na bado alikuwa akichimba mstari wake mwenyewe.

"Mama, nani aliwaambia mvihamishe vigingi?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, mkamwana wangu. Ulisimama pale kwenye jiwe, umevaa koti lako la kazi, una kipaza sauti. Ulisema kigingi ni cha tuta. Ukasema tusikiache kikae shimoni hata siku moja, kitajaa maji kife. Mimi nikajiambia, mtoto huyu amefundishwa vizuri."

Gerwina alikumbuka. Ndivyo alivyofundishwa Songea, na ndivyo alivyokwenda kusema, neno kwa neno. Huko Songea hakuna aliyeuliza habari ya zamu, na yeye, aliyeanza kuchimba ngolo akiwa na meno ya utoto, hakuinua mkono. Siku ile alikuwa amevaa koti.

Wifi yake Kolumba, ambaye ulimi wake haujawahi kupata likizo, aliegemea jembe akacheka kwa uchungu. "Wifi, ungetuambia tuviache shimoni tungeviacha. Sisi ni watiifu. Si kila mkutano mnatuhubiria utii?"

"Kolumba, niache."

"Nakuacha vipi na wewe ndiye umetushika?"

*

Ofisi ya kanda, Songea, ilikuwa imebakiwa na mtu mmoja tu mwenye damu, naye aliitwa Faraji Mtulia. Kumpata kulihitaji kupitia Sauti mara tatu na kusema neno "malalamiko" kwa kurudia. Alipotokea kwenye kioo, alikuwa anamenya chungwa.

"Dada Gerwina. Nimeliona faili lako. Pole."

"Sitaki pole, Bwana Mtulia. Nataka pa kuandika kilichotokea. Wanawake wamehamisha vigingi kwa sababu tuta limehama, na tuta limehama kwa sababu hivyo ndivyo udongo wa kule unavyotunzwa. Mlima uko salama kuliko mwaka jana. Niandike wapi?"

"Una sababu tano pale."

"Hakuna hata moja ambayo ni kweli. Kila fomu duniani ina sehemu ya mengineyo. Kwa nini nyinyi hamkuweka?"

Mtulia aliliweka chungwa chini. "Kwa sababu mengineyo ndiko wezi wa zamani walikokuwa wakiishi. Wewe unalijua hilo kuliko mimi. Msitu haupo? Mengineyo. Miti imekufa? Mengineyo. Tuliufunga ule mlango kwa makusudi."

"Basi fungua kitalu kimoja, urekebishe."

"Hakifunguki. Ningekuwa na uwezo huo, na mwizi angekuwa nao. Kanuni zinaweza kubadilishwa, ndiyo, kwa kura. Kikao kijacho ni baada ya miezi kumi na minne."

"Ndege za mbegu zinakuja Jumatatu!"

"Najua." Alitazama pembeni, kisha akashusha sauti kama mtu anayemwelekeza mgeni njia ya mkato. "Sikiliza. Vigingi vyote vimeshuka hatua moja. Jicho limeona udongo uliofukuliwa. Unajua kitu gani kinafanana na hayo? Maporomoko ya ardhi. Nimepiga hesabu, inalingana kwa asilimia tisini na sita. Janga la asili halina mkosaji. Mnyororo unausamehe mlima, unaanza kupima upya kuanzia pale vigingi vilipo sasa, na watu wako wanaendelea kulima. Kinachokosekana ni shahidi wa tatu tu. Simama pale, sema neno, weka dole."

"Mlima haujaporomoka."

"Dada, ukweli wako unalingana kwa asilimia kumi na moja."

Gerwina alihisi masikio yanapata moto. Alikuwa ametumia miaka tisa kuwaambia watu kwamba mashine hii haidanganyiki, na sasa mwenye mashine alikuwa anamfundisha neno la kuidanganya nalo, tena kwa huruma. "Wangapi wameshafanya hivyo?" aliuliza.

Mtulia alilichukua tena chungwa lake. "Ni utaratibu tu," alisema.

Gerwina alikata simu kabla hajamtukana mtoto wa watu.

*

Jioni ile alipanda Lupilo. Wanawake walikuwa wamekusanyika uani kwa Mama Osmunda, wakichambua mbegu za maharage kwenye ungo, na mazungumzo yakakatika alipoingia. Aliwasalimia, akakaa kwenye gogo, akawaeleza yote bila kupaka rangi: sababu tano, kikao cha baada ya miezi kumi na minne, na ile njia ya Mtulia.

"Sasa tatizo liko wapi?" aliuliza Kolumba. "Sema maporomoko. Neno moja. Mimi hata bure ningelisema."

"Siwezi, wifi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikisema uongo mmoja, yote elfu moja mia moja na kumi na nne niliyosema yanakuwa nini? Watu wa Langiro, wa Kindimba, wote ambao milima yao imesimama kwa neno langu? Mnamjua baba yangu. Mnajua alikufaje."

Walimjua. Mmoja aliendelea kuchambua, maharage yakidondoka kwenye sufuria moja moja. Gerwina aliitazama mikono ile na kujichukia. Ni rahisi kuwa mkweli ukiwa na mshahara wa serikali. Wao ndio wangeula huo ukweli wake kwa miaka saba, na hauivi hata ukiuchemsha. Alilijua hilo. Hata hivyo neno lilikataa kutoka.

Mama Osmunda alipepeta ungo wake mara mbili, akapuliza makapi.

"Hebu nielewe mimi mzee. Ukisema mlima umeporomoka, na mlima haujaporomoka, hapo umesema uongo."

"Ndiyo, mama."

"Ukisema umeporomoka, na umeporomoka kweli, hujasema uongo."

"Sijasema uongo."

"Basi." Aliweka ungo chini. "Namkumbuka baba yako. Alikuwa mtu mzuri. Sitaki wajukuu zangu waje kusema mvua inakuja halafu watu watoke nje kutazama. Kolumba, mpe wifi yako chakula, ametembea."

Gerwina alikula, akashukuru kwamba mama mkwe wake ameelewa. Kweli alikuwa ameelewa, lakini Gerwina hakuelewa ameelewa nini.

*

Siku ya mwisho alipanda tena Lupilo kumalizia lililokuwa wajibu wake: kusimama juu ya ardhi hiyo, na kuandika kwa mara ya tano kwamba hakuna sababu inayotambulika. Pikipiki ilimwacha kwenye kijito saa nne na nusu asubuhi. Ukungu ulikuwa umeanza kupanda, na kutoka juu alisikia majembe.

Alisimama kusikiliza. Ngolo ilikuwa imekwisha wiki mbili zilizopita. Maharage yalikuwa yameshapandwa, na mengine yalikuwa yametoa masikio mawili ya kijani. Hapakuwa na kitu cha kulima.

Alipanda mbio, akishika majani kama mgeni.

Wanawake zaidi ya thelathini walikuwa kileleni, kwenye kona ya juu kabisa, shamba la Mama Osmunda mwenyewe. Juu ya kona ile unapita mfereji uliochimbwa na bibi wa bibi zao, unaochukua maji yote ya kilele na kuyapeleka pembeni hadi kwenye kijito. Ule mfereji ndio mlinzi wa kwanza. Ngolo inakamata mvua inayoanguka juu yake, lakini maji ya kilele yakiingia shambani hakuna shimo litakaloyatosha. Sasa mfereji ulikuwa umezibwa kule mwisho kwa mawe na migomba, na maji ya mvua ya usiku yalikuwa yamejaa hadi ukingoni, mekundu, yametulia. Chini yake mistari miwili ya matuta ilikuwa imeshasawazishwa. Miche ya maharage ilikuwa imelala juu ya udongo na mizizi yake nje.

"Shikamoo, mama," alisema, pumzi zikimkatika. "Mnafanya nini?"

"Marahaba, mwanangu. Umewahi, vizuri. Tulitaka uone kwa macho yako." Mama Osmunda alipangusa jasho kwa kiganja. "Tukitoboa hapa, kona hii inashuka yote. Ni shamba langu, sijagusa la mtu. Likishuka, piga picha, sema ulichokiona. Hutakuwa umesema uongo."

Gerwina alitazama ule udongo. Pale kwenye kona ndipo alipofundishwa kupanga majani alipokuja kama bi harusi. Mama mkwe alimwambia achome mkono ndani, na mkono ulizama hadi kiwiko.

"Mama, haitaishia kona moja. Maji hayajui mpaka. Chini hapa ni kwa Kolumba, chini yake kwa mama Batista..."

"Kuna ule mwamba. Utayazuia."

"Una hakika?"

"Labda utayazuia," alisema Mama Osmunda, na wanawake wawili watatu walitazama chini.

Kolumba ndiye aliyekuwa amesimama juu ya ukingo, jembe mkononi. Leo hakuwa anacheka. "Wifi, saa ngapi?"

"Saa tano na robo."

"Basi tusogee. Kitu chako kinafunga saa sita."

Hasira zilimpanda Gerwina hadi akaona giza. Aliwakasirikia waliobuni vigingi na hawakuwahi kushika jembe. Alimkasirikia Mtulia na chungwa lake. Alizikasirikia zile kompyuta maelfu, zilizokuwa tayari kuamini mlima uliokufa na kukataa mlima ulio hai. Na zaidi ya wote alijikasirikia yeye, kwa sababu hawa wanawake walikuwa wanazika udongo wa vizazi sita ili jina lake libaki safi. Hakuna aliyemlazimisha aseme uongo. Walimheshimu mno kumlazimisha. Laiti wangemtukana.

Kolumba aliinua jembe.

"Subiri!" Gerwina alikuwa ameshakitoa kifaa. "Wifi, nakuomba. Subiri kidogo tu."

Alibonyeza rufaa.

"Karibu tena, shahidi Gerwina. Je, mlima umeungua?"

"Hapana."

"Ahsante. Je, umekumbwa na mafuriko?"

"Hapana."

"Ahsante. Je, yametokea maporomoko ya ardhi?"

Maji ya mfereji yalikuwa yanavuja taratibu kwenye nyasi za ukingo, na sauti yake ilisikika.

"Ndiyo," alisema Gerwina.

"Gerwina!" Mama Osmunda aliita.

"Pole kwa janga hilo, shahidi. Tafadhali taja jina lako kamili na ueleze kwa sauti yako ulichokiona kwa macho yako."

Jina kamili. Alikuwa amelisahau hilo. "Mimi, Gerwina Oddo Kapinga," alisema, "nimesimama Lupilo. Nimeona ardhi imeporomoka. Imeshuka hatua moja, mlima mzima." Aliyatazama matuta wakati akisema, yamepangana mraba kwa mraba hadi kwenye kijito, hayajashuka hata unywele. Kisha akaweka dole gumba.

"Ahsante. Ushahidi wako unalingana kwa asilimia tisini na sita. Kitalu kimefungwa. Ntambo wa Lupilo umerejeshwa."

Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Osmunda alilitupa jembe chini. Gerwina hakuwahi kumwona mama mkwe wake akitupa jembe.

"Nani alikutuma?" alisema. "Nani? Tangu alfajiri nang'oa maharage yangu mwenyewe kwa mikono hii. Kwa ajili yako! Ardhi inaota tena, Gerwina. Huo ulimi wako utauotesha wapi?"

"Najua, mama."

"Hujui."

"Najua, mama. Nisamehe."

Sauti haikuwa imemaliza. "Shahidi Gerwina, kwa usalama wa jamii, eneo lenye maporomoko hufuatiliwa. Tafadhali rudi hapa kila baada ya siku tisini kupiga picha ya kovu na kuthibitisha hali yake. Kumbukumbu ya kwanza ni mwezi Juni."

"Kovu?" Kolumba alishuka ukingoni polepole. "Kovu lipi? Wifi, hilo kovu tutalitoa wapi?"

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuweka dole kwenye Mnyororo. Gerwina aliiona njia yake ikinyooka mbele, Juni, Septemba, Desemba, na kila kituo kikidai neno jipya la kulifunika la jana, hadi atakapostaafu au atakapofumuliwa. Baba yake alisaini mara nne tu.

Macho ya wanawake kadhaa yalirudi kwenye ule mfereji uliojaa. Aliyaona. Hata ya Mama Osmunda yalikwenda huko.

"Hapana," alisema Gerwina. "Zibueni kule chini maji yaende zake. Juni nitajua cha kusema. Uongo ni wangu, msiuchimbie shimo hapa."

Kolumba aliliweka jembe begani akaenda mwisho wa mfereji, na wengine wawili wakamfuata. Mawe yakatolewa moja moja. Maji yalianza kwenda, kwanza kwa kigugumizi, kisha kwa kasi, hadi ukingo ukabaki na alama ya tope.

Upande wa Nyasa wingu la mvua lilikuwa limeshasimama. Gerwina alivua koti lake la kazi, akalikunja, akalitundika kwenye kisiki. Alipiga magoti kwenye mistari iliyovunjwa na kuanza kuyatoa majani chini ya udongo, kuyapanga upya mraba, kuokota miche moja moja na kuangalia ipi bado ina mzizi. Baada ya muda alisikia mtu anapiga magoti kando yake. Mama Osmunda hakumtazama. Alianza kuchimba katikati ya mraba na kuurusha udongo juu ya majani, kama kila zamu.

Koti kwenye kisiki likatoa mlio. Gerwina alinyoosha mkono, akakitoa kifaa mfukoni, akakisoma.

"Kinasemaje tena?" aliuliza Mama Osmunda.

Ilikuwa hesabu yake ya kila asubuhi, sasa imeongezeka. Elfu moja mia moja na kumi na tano, na chini yake maneno yaleyale mawili.

"Kinasema sijawahi kukosea," alisema Gerwina, na akakirudisha mfukoni ili wamalize tuta kabla ya mvua.